Maswali ya Wasomaji: Watoto wa Pwani kwenye Theluji ya Japani

SWALI: Assalaam aleikum. Mume wangu yuko Yokohama kwa mafunzo ya kazi ya bandari, na shule zikifungwa mwezi wa Desemba, mimi na watoto wetu, mmoja wa miaka 9 na mwingine wa miaka 6, tutamfuata. Mwenzake wa kazini anatualika kwao Iiyama, katika mkoa wa Nagano, ambako kuna kiwanja kidogo cha skii, yaani mbao ndefu zinazofungwa miguuni za kutelezea thelujini, wanakopelekwa watoto wa wenyeji. Mume wangu anaona kwamba tukishafunga safari ya mbali namna hiyo, ni heri twende mlima mkubwa wenye jina. Theluji hatujaiona ila kwenye televisheni. Tumsikilize nani, na tujiandae vipi kwa mavazi, chakula na sala?
Mama wawili, Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam, Mama wawili. Msikilizeni mwenyeji wenu, na mumeo atuwie radhi.

Mlima mkubwa huuza urefu na wingi wa njia zake, na hivyo ni vitu ambavyo mtu asiyejua kusimama juu ya skii hana kazi navyo. Mwanafunzi wa siku ya kwanza hahitaji zaidi ya kipande cha chini cha mteremko, na kipande hicho hakina tofauti kubwa baina ya mlima maarufu na usio maarufu, isipokuwa kwamba kwenye kiwanja kidogo hakuna umati unaomshukia mtu mgongoni kwa kasi, tikiti ya lifti, yaani viti vya waya vinavyowapandisha watu mlimani, kwa kawaida ni nafuu, na mtoto akichoka hachukuliwi mbali kutafuta pa kukaa. Hapo Iiyama kuna Togari Onsen, kiwanja kidogo ukikilinganisha na jirani yake maarufu, Nozawa Onsen, na chini yake mna nyumba za wageni zinazoendeshwa na familia. Viwanja vya aina hii vilikuwa vingi zaidi zamani. Idadi ya Wajapani wanaoteleza ilifika kilele mwanzoni mwa miaka ya 1990, kisha ikashuka, na vidogo vingi vikafungwa. Nendeni na pesa taslimu, wala msitarajie kukuta Kiingereza kila mahali.

Udogo wa kiwanja hauna maana ya uchache wa theluji. Iiyama iko karibu latitudo moja na Tunis, lakini pepo kavu za baridi kutoka Siberia huvuka Bahari ya Japani, ambayo maji yake yana vuguvugu kuzishinda, zikabeba mvuke, kisha zikagonga milima na kuumwaga ukiwa theluji. Katika kituo cha Morinomiyanohara, kwenye reli ya Iiyama, ilipimwa theluji ya kina cha mita 7.85 mwezi wa Februari 1945. Ng'ambo ya milima hiyo, huko Takada, ndiko meja wa Austria, Theodor von Lerch, alikowafundisha askari wa Kijapani kuteleza mwezi wa Januari 1911. Tatizo lenu ni tarehe: mwishoni mwa Desemba theluji ya sehemu za chini yaweza kuwa bado haba, kwa hivyo mwombeni mwenyeji awaambie kina chake kabla hamjaondoka Yokohama.

Kuhusu mavazi, kabla ya kukimbilia maduka ya bei ghali, pitieni soko la Kongowea. Marobota ya mitumba hutoka nchi za baridi, na jaketi nzito zisizopenya maji, ambazo Mombasa hazina mteja, mara nyingi huuzwa kwa bei ya kutupa. Jinzi na fulana za pamba ziacheni nyumbani, kwa sababu pamba ikilowa haikauki upesi na humwacha mtu akitetemeka. Skii, viatu vyake na kofia ngumu hukodishwa papo hapo. Viatu hupimwa kwa sentimita, basi pimeni nyayo za kila mmoja mapema. Kiatu cha skii ni kigumu kama ndoo, na wageni wengi hudhani dawa yake ni kuvaa soksi tatu. Vaeni soksi moja tu, ndefu na isiyo na mkunjo, wala msichomeke suruali ndani ya kiatu, kisha fungeni vifungo kuanzia vya kifundoni mpaka kisigino kikae bila kunyanyuka. Kabla ya kukanyaga skii, kwangueni theluji iliyoganda chini ya kiatu, na skii zenyewe zilazwe kukingama mteremko, zisielekee chini, la sivyo zitaondoka kabla yenu.

Buibui libaki nyumba ya wageni, kwani pindo lake laweza kunaswa na kiti cha lifti. Kanzu fupi ya magotini juu ya suruali pana ya skii, na hijabu fupi iliyochomekwa ndani ya jaketi chini ya kofia ngumu, vinasitiri na havileti hatari. Lifti nyingi za zamani hazina kizuizi mbele ya kiti, kwa hivyo mtoto wa miaka 6 akae na mtu mzima anayejua kuteleza, au siku hiyo abaki na kijigari cha kuserereka, jambo ambalo pengine atalifurahia zaidi kuliko skii. Msivuke kamba za mpaka, wala msisimame chini ya mapaa yaliyobeba theluji.

Katika mikahawa ya viwanjani chakula cha kawaida ni wali wa kari na rameni, yaani tambi za mchuzi, na vyote viwili mara nyingi huwa na nguruwe, hata kwenye mchuzi wake. Bebeni mayai, mkate, tende na chupa ya chai, mkiuliza kwanza mahali panaporuhusiwa kulia. Jua la Desemba huko huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, hivyo Adhuhuri na Alasiri zote huangukia wakati wa kuteleza. Wasafiri mna ruhusa ya kuzikusanya sala hizo mbili, na masharti yake sheikh wenu atawaeleza. Bwawa la maji moto la umma huogwa bila nguo, wanawake mbali na wanaume. Ikiwa hilo halikufai, ulizeni nyumba ya wageni yenye bafu la kukodi kwa familia peke yake.

Na mumeo akisisitiza kwamba mtu wa pwani hana asili na mambo haya, mwambie Sabrina Simader, aliyeiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya majira ya baridi ya mwaka 2018, alizaliwa Kilifi.

Treni ya mwendo kasi, shinkansen, kutoka Tokyo husimama Iiyama tangu mwaka 2015. Siku zinazozunguka mwaka mpya hujaa Wajapani wanaorudi makwao, basi mumeo anunue viti mara mauzo yanapofunguliwa, yaani mwezi mmoja kabla ya safari, saa nne asubuhi.