Barua zenu: Kamyo zimetoka mjini, sasa bukari nitamuuzia nani?

Mwezi huu barua nyingi zimeongea juu ya kitu kimoja, ile barabara mupya inayozunguka mji mdogo ulio njiani ukitoka hapa Lubumbashi kwenda Kasumbalesa, mpaka wa Zambia, ili kamyo, yale malori ya mizigo, zisipite tena katikati ya mji. Wengine wanaiita deviasyo, wengine wanasema tu barabara mupya. Jumamosi moja nilipanda bisi nikaenda kuiona, nikashukia sokoni nikatembea kwa miguu mpaka inapotokea upande wa pili, kwa hiyo mengine ninayojibu hapa nimeyaona kwa macho yangu. Tumechukua barua nne.

Yaya mwandishi, jambo yenu. Mi ni mama wa watoto watano, nalala Ruashi lakini kazi yangu iko kule kwa mama mudogo, tunapika bukari (ugali) na samaki pembeni ya barabara kubwa. Miaka yote kamyo zilikuwa zinakwama mbele yetu hata masaa matatu, bashofere banashuka banakula. Tangu bafungue deviasyo huku ni kimya. Zamani sufuria mbili zilikuwa zinaisha mbele ya saa nane, sasa moja tu inabaki nusu. Watu wote wanafurahi eti mji umepumua, mimi nikilia naonekana mubaya. Nihame niende kule kwenye deviasyo ama ningoje? – Mama wa Ruashi

Mama, hauko mubaya hata kidogo, franga ya shule ya watoto ilikuwa inatoka kwenye ile sufuria na mtu akipoteza mkate wake ana haki ya kulia hata kama jirani anacheza. Lakini niruhusu nikuambie ukweli wote, ule wa kufurahisha na ule wa kuuma.

Ule wa kuuma njo huu: wale bashofere walikuwa wateja wa ambuteyaji, ule msongamano wa magari. Walisimama mbele yenu kwa sababu njia ilikuwa imefungwa, wakala kwa sababu wako na njaa na hakuna pa kwenda, na njia ikifunguka mteja wa namna hiyo anaenda nayo. Kule Marekani walichunguza miji midogo mingi iliyopata barabara za kuzunguka, huko Wisconsin, Kansas na Texas, na mara nyingi waliopata pigo la kwanza ni wale wanaouzia wapita njia, chakula, mafuta ya gari, vyumba vya kulala, wakati mji wenyewe kwa ujumla haukufa, maana watu wa pale waliendelea kununua vitu vyao. Sasa swali lako la kwanza si kuhama, ni kujua katika kila watu kumi waliokula kwako mwaka jana wangapi walikuwa wa kamyo na wangapi wa mji. Kaa na mama mudogo muhesabu, bila aibu, hata kwa vijiti.

Halafu kuna kile nilichokiona pale soko. Mama mmoja wa lenga-lenga (mchicha) alikuwa amepanga mafungu yake wazi juu ya meza, bila plastiki. Nikamuuliza, akasema miaka yote alikuwa anafunika kwa sababu ya vumbi jekundu na moshi wa kamyo, mtu akinunua lazima aoshe mara mbili tatu, sasa plastiki ameikunja ameiweka chini ya meza. Kando yake ukuta wa farmasi ungali mweusi mpaka urefu wa bega la mtu, ni moshi wa magari yaliyokuwa yanasimama pale na injini inawaka. Na wazee walikuwa wanavuka barabara na watoto mkononi bila kukimbia. Hao ni watu ambao zamani walikuwa hawafiki upande wenu kabisa, kuvuka ilikuwa ni kucheza na roho.

Na mama, tusisahau kile kinachobebwa na zile kamyo. Hazibebi shaba tu, kuna zinazobeba asidi ya salfuriki kwenda kwenye migodi. Februari 2019 kamyo ya asidi iligongana na bisi katika kijiji kimoja kwenye barabara ya Lubumbashi na Kolwezi, wakafa watu karibu 20. Kila mara nikipita mahali ambapo tanki kama lile liko mita mbili kutoka kwenye meza ya nyanya namkumbuka Mungu. Kwa hiyo mimi kamyo zikitoka katikati ya watu nafurahi, na sitaki kukuficha hilo.

Kuhama na sufuria mpaka pembeni ya deviasyo, hapana, nakuomba. Kule kamyo zinakimbia, hakuna mahali pa kusimama vizuri, ikisimama moja inafunga njia na nyuma yake inakuja nyingine yenye tani hamsini, na siku moja watakuja kuwafukuza wote na mabati yenu. Lakini shofere bado ana tumbo. Mtu anayeenda kupanga mstari Kasumbalesa, ambako anaweza kulala usiku hata mbili, lazima ale, aoge, alale kidogo. Kile kinachokosekana ni parkingi ya kweli pale deviasyo inapoachana na barabara ya zamani, yenye maji, vyoo, taa, na meza za kuuzia chakula zilizopangwa. Hiyo hauwezi kuiomba peke yako. Nendeni ofisi ya mji wote wa likelemba yenu, kile kikundi chenu cha kuchangiana franga, pamoja na wenye butiki na vijana wanaoziba matairi, na muende na karatasi yenye majina, maana kule ofisini mama mmoja anasukumwa tu lakini mama thelathini wanakaribishwa waketi.

Wakati mnangoja hilo, badilisha sahani. Shofere aliyetoka Zambia au Tanzania alikuwa analipa sahani kubwa, wakati mwingine kwa dola. Mwalimu, motari wa taksi-moto na mama wa soko wanalipa franga zetu, na wanataka sahani ndogo, mboga nyingi, samaki nusu, saa sita kamili iwe tayari. Ni kazi nyingine kabisa hiyo, faida ndogo kwa kila sahani, lakini mteja ni yule yule kesho na kesho kutwa, na akikosa franga leo atalipa Ijumaa kwa sababu unamjua nyumbani kwake.

Kaka mukubwa, kuna parseli (viwanja) zinauzishwa pembeni ya deviasyo, bei inapanda kila wiki. Nataka depo ya simenti na butiki mbele yake, kamyo zitapakua palepale barabarani. Rafiki yangu ameshanunua mbili. Ninunue ama? – Kijana wa Katuba

Mdogo wangu, weka franga yako mfukoni kwanza.

Kwanza sheria. Tangu ile sheria ya Julai 20, 1973, udongo wote wa Kongo ni wa Leta, yaani serikali, mtu binafsi anapewa haki ya kuutumia tu. Karatasi ya mkono iliyoandikwa na mtu aliyekuuzia, hata kama ina muhuri wa chifu, haitoshi. Enda kadastre, ofisi ya viwanja, mwenyewe, usimtume mtu, uulize kama ile sehemu ina sertifika, hati ya Leta, na uulize hasa mpaka wa barabara unaishia wapi, kwa sababu pembeni ya lami kuna ukanda uliowekwa kwa ajili ya barabara yenyewe, na ukanda ule njo watu wanapenda kuuzisha maana uko wazi na mzuri. Niliona mwenyewe vijiti vya rangi nyekundu viko ndani kabisa ya parseli moja ambayo imeshaanza msingi. Roho iliniuma, mwenye nyumba alikuwa pale anachanganya simenti na mtoto wake.

La pili ni lile linaloniuma zaidi, kwa sababu ni la wote. Barabara ya kuzunguka mji inakimbia kwa sababu haina milango. Wewe unaweka depo, kamyo inapakua juu ya lami. Rafiki yako anaweka parkingi ya taksi-moto, mwingine baa, mwingine kanisa, kila mmoja anataka kuingia na kutoka mbele yake, baada ya miaka michache mko na barabara ya zamani nyingine, na mji unaanza kuomba deviasyo ya deviasyo. Kampala wana barabara yao ya kuzunguka kaskazini, kilometa 21, ilifunguliwa 2009, na sehemu yake kubwa ilikuwa na njia moja tu kila upande na mizunguko ile tunayoita rompwe. Haikuchukua muda magari yakakwama palepale yaliyokuja kukwepa kukwama, 2014 wakaanza tena kazi ya kuipanua na kujenga madaraja ya kupita juu. Uingereza kuna mji mdogo unaitwa Newbury, barabara yao ya kuzunguka ilifunguliwa 1998, katikati ya mji pakapoa kweli, lakini kabla ya miaka kumi kwisha saa za asubuhi na jioni magari yalikuwa yamerudi karibu sawa na mwanzo, kwa sababu kila nafasi iliyoachwa wazi ilipata gari lingine.

Depo yako ijenge kwenye barabara ndogo ya ndani, mita mia mbili tatu kutoka lami. Kamyo inageuka inaingia, inapakua ndani ya parseli. Bei ya kule ni ndogo na hakuna mtu atakuja na katapila.

Mi ni shofere, wa komini Kenya ya hapa Lubumbashi. Deviasyo ni nzuri, kile kipande nilikuwa namaliza masaa mawili sasa ni dakika kumi na tano. Lakini karibu na rompwe lami imeanza kujikunja kama godoro. Bamelala wapi baliojenga? – Shofere

Siwezi kusema waliojenga walifanya vizuri ama vibaya, sikupima. Lakini angalia pia uzito, mzee, na wewe unajua vizuri kuliko mimi. Waamerika walifanya majaribio Illinois kati ya 1958 na 1960, kamyo zikizunguka usiku na mchana juu ya vipande vya barabara, wakakuta uharibifu unapanda haraka sana kupita mzigo, karibu kama mzigo uliozidishwa kwa wenyewe mara nne. Maana yake ekseli iliyotengenezewa tani 10 ukiipa 12, haiharibu kidogo tu zaidi, inaharibu mara mbili. Na pale rompwe kamyo inapiga freni, inajikokota, jua linachoma, lami inakuwa laini, ndiyo maana inakunjika pale na si katikati ya njia. Bosi akikupakia kupita kiasi, ile mikunjo ni yenu nyote wawili.

Ninafundisha shule ya msingi iliyo kwenye barabara ya zamani. Kamyo zimeenda, tunashukuru, lakini sasa njia iko wazi na taksi-moto na magari madogo yanakimbia kupita kiasi. Watoto wawili wameshagongwa, asante Mungu hawakufa. – Mwalimu

Mwalimu, hili njo lilinisumbua kuliko yote siku ile. Niliona mtoto wa kama miaka saba na chupa ya mafuta ya kupikia mkononi, anashuka kwenye lami, anarudi, anashuka tena, anarudi, mara nne nilihesabu. Ambuteyaji ilikuwa inaua biashara na mapafu lakini ilikuwa inalazimisha magari kutembea polepole, na sasa hakuna kinachowalazimisha. Shirika la Afya Duniani linasema mtu wa miguu akigongwa na gari linalokwenda 65 badala ya 50 kwa saa, hatari ya kufa inapanda mara nne na nusu, na mbele ya shule mwendo unaofaa ni 30.

Omba dodani (matuta ya barabarani) mbili, moja kila upande wa mlango wa shule, zilizopakwa rangi nyeupe, na muombe zitengenezwe kabla watu hawajazoea mwendo huu. Kabla ya kwenda ofisini hesabu kwanza: saa moja asubuhi watoto wakiingia, na mchana wakitoka, magari na pikipiki ngapi zinapita, watoto wangapi wanavuka na wanavukia wapi hasa. Wanafunzi wa mwaka wa sita wanaweza kuandika, ni hesabu nzuri kwao. Chagua Jumatatu moja uniambie, nitakuja na kalamu yangu tuhesabu pamoja.