Unafunga duka Mtwara, unahamia ng'ambo ya Ruvuma: kodi inakufuata mpaka wapi?

Wengi wanaohamisha biashara kwenda Pemba au Palma, Msumbiji, huamini kwamba kodi ya Tanzania inaishia mpakani Kilambo, pasipoti ikishagongwa muhuri. Haiishii hapo. Sheria ya Kodi ya Mapato haiangalii unalala wapi leo; inaangalia kama katika mwaka wa mapato, Januari hadi Desemba, wewe ni mkaazi au si mkaazi. Mkaazi hutozwa kwa mapato yake yote, ya hapa na ya nje. Asiye mkaazi hutozwa kwa yale yanayopatikana Tanzania tu. Uraia hauna nafasi katika hesabu hii.

Kinachowanasa watu wa kwetu kuliko chochote ni nyumba. Ukiwa na makazi ya kudumu Tanzania, na ukawepo nchini sehemu yoyote ya mwaka, wewe ni mkaazi wa mwaka huo. Tuseme una nyumba Ligula, Mtwara mjini, mke na watoto wamo, nguo zako zimo kabatini. Ukija wiki moja tu kula Idi, umeshakuwa mkaazi, hata kama siku zote zilizobaki ulikuwa Pemba ukiuza vitenge. Ndiyo maana ushauri wa "hesabu siku zako tu" haumtoshi mtu aliyeacha familia nyuma.

Asiye na makazi ya kudumu hapa ndiye anayehesabu siku. Kuwepo siku 183 au zaidi katika mwaka, hata kwa vipande vipande, kunamfanya mkaazi. Kuna na kipimo kingine ambacho wengi hawakijui: ukiwepo mwaka huu na katika kila mmoja wa miaka miwili iliyotangulia, kwa wastani unaozidi siku 122 kwa mwaka, wewe ni mkaazi pia. Chukua mfanyabiashara anayerudi Mtwara kila msimu wa korosho. Mwaka 2023 alikaa siku 150, 2024 siku 130, 2025 siku 100. Jumla ni 380. Gawa kwa tatu, unapata karibu 127. Mwaka 2025 ni mkaazi, japo alikaa siku 100 tu. Kwa hiyo ukipanga safari, tazama miaka mitatu kwa pamoja.

Msidhani kuacha kuwa mkaazi ni nafuu siku zote. Kama duka la Mtwara litaendelea chini ya mdogo wako lakini mali ni yako, faida yake bado ni mapato ya Tanzania, na asiye mkaazi hutozwa asilimia 30 tangu shilingi ya kwanza. Faida ya 6,000,000 kwa mwaka ina kodi ya 1,800,000. Mkaazi mwenye faida hiyo hiyo, kwa viwango vya watu binafsi, hatozwi kwenye 3,240,000 za mwanzo. 2,760,000 zinazobaki hutozwa asilimia 8, yaani 220,800. Fremu uliyompangisha mtu wa biashara nayo inabadilika: kodi ya zuio kwenye pango (ile mpangaji anayoikata kabla ya kukulipa) ni asilimia 10 kwa mwenye fremu mkaazi, 15 kwa asiye mkaazi.

Mkaazi naye ana mtego wake. Utaratibu wa makadirio kwa mauzo ghafi, ule mliouzoea wa kulipa kwa awamu nne, ni wa mkaazi ambaye mapato yake yote yanatokana na biashara iliyopo Tanzania. Ukianza kupata faida Palma huku bado ni mkaazi wa hapa, umetoka humo. Unatakiwa hesabu kamili na ritani (taarifa ya mapato na kodi unayoipeleka TRA).

Upande wa pili, Msumbiji humhesabu mkaazi mtu aliyekaa zaidi ya siku 180 katika mwaka, na hata pungufu ya hapo kama ana makazi yanayoonyesha nia ya kuishi huko. Kwa hiyo unaweza kuwa mkaazi wa nchi zote mbili kwa mwaka mmoja. Tanzania haina mkataba na Msumbiji wa kuzuia kutozwa mara mbili. Inayo na Afrika Kusini, Zambia, India, Kanada, Italia na nchi za Nordiki nne: Denmark, Finland, Norway na Sweden. Anayehamia Johannesburg ana pa kushika, kwa sababu mkataba huamua nani mkaazi wa wapi, ukianza na makazi ya kudumu. Anayehamia Pemba anabaki na sheria yetu ya ndani, inayoruhusu kodi uliyolipa nje ipunguzwe kwenye kodi ya hapa, bila kuzidi kodi ambayo Tanzania ingetoza kwa mapato hayo. Dubai hali ni nyingine: huko mshahara hautozwi kodi ya mapato, kwa hiyo mkaazi wa Tanzania hana cha kupunguza.

Punguzo hilo hukwama kwenye karatasi. Risiti ikiwa kwa jina la mwenyeji wako, au kwa NUIT yake (namba ya mlipa kodi ya Msumbiji), si ushahidi wa kodi yako. Chukua NUIT yako mapema, na risiti za Kireno zitafsiriwe.

Kabla ya kuondoka, nenda TRA na barua inayotaja TIN, tarehe ya kufunga na hali ya bidhaa zilizobaki. TIN haijifungi yenyewe. Usipotoa taarifa, makadirio yanaendelea, na riba na adhabu zinapanda juu yake. Mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti, ikabidhiwe kwa utaratibu wao, isiachwe imezimwa kabatini. Aliyesajiliwa VAT awasilishe ritani ya kila mwezi hata kama hakuuza kitu, mpaka usajili ufutwe. Halmashauri ijulishwe kuhusu leseni, BRELA (wakala wa usajili wa biashara) kuhusu jina la biashara. Vitabu vya hesabu vitunzwe miaka mitano.

Wanaovuka kwa mtumbwi bila kugonga muhuri ndio hushindwa kabisa kuthibitisha siku. Vukeni Kilambo au Daraja la Umoja kule Mtambaswala, mgongewe muhuri kwenda na kurudi. Pia tenga daftari moja: tarehe, mpaka uliopita, ulilala wapi, na tiketi imebandikwa ukurasa huo huo.