Teminali mbili za makontena kushirikiana, inafaa kisheria?

SWALI: Assalaam alaykum shekhe, niko kwenye uongozi wa teminali ya makontena na jirani zetu ndo washindani wetu. Tunataka tushirikiane, meli ikikuta gati zetu zimejaa ihudumiwe kwao, na wao vilevile kwetu. Ila mkataba una kipengele kwamba ada tutapanga pamoja na asiwepo wa kushusha. Je inafaa?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah ndugu yangu, Allah akulipe kheri kwa kuuliza kabla ya kusaini, wengi huja wakishasaini.

Kushirikiana kwenyewe hakuna tatizo, asili ya miamala ni kufaa mpaka ije dalili ya kukataza. Meli za siku hizi zipo zenye urefu wa mita 400, zinabeba zaidi ya kontena 20,000 za futi 20, sasa meli kama hiyo ikatie nanga nje kusubiri na huku kreni za jirani zimesimama tu, hasara yote hiyo mwishowe anaibeba mwenye mzigo. Mkikodishana gati kwa ujira unaojulikana hiyo ni ijara, mkichanga mitaji ni sharika, faida mnagawana mlivyokubaliana lakini hasara kila mmoja kwa kiasi cha mtaji wake, hapo hapana mjadala.

Hicho kipengele cha ada sasa ndo penye balaa. Imam Abu Hanifa na wanafunzi wake waliwakataza wagawaji wa mali, wale wanaolipwa kuwagawia watu ardhi na mali za pamoja, wasiungane, maana wakiungana na watu wanawahitaji watapandisha ujira, na mwanachuoni Ibn Taymiyya akaitaja hoja hiyo. Si ndo nyie hao? Mwenye kontena ataenda wapi na bandari ni hiyo hiyo? Suratul Maida aya ya 2 inaamrisha kusaidiana katika wema na uchamungu na inakataza kusaidiana katika dhambi na uadui, aya moja ina yote mawili. Hata Hong Kong, waendeshaji walipoungana 2019 kuendesha gati 23 kwa pamoja, tume ya ushindani ikachunguza na 2020 ikawabana kwa ahadi walizozitoa, ikiwemo kikomo cha ada.

Kifuteni hicho kipengele, shirikianeni gati, kreni na ratiba za meli, ila kila mmoja apange ada zake mwenyewe na bei mnazowapa wateja wenu zisivuke uzio kwenda kwa jirani. Wenzako wakigoma, usitie saini yako.

Wallahu aalam.