Nimetaja jina la mwandishi, kosa liko wapi?

Swali: Ninafundisha Stadi za Mawasiliano kwa mwaka wa kwanza katika chuo kimoja hapa Tanzania. Muhula ujao nimeambiwa niongeze kipindi cha hakimiliki. Wanafunzi wanajua kuandika marejeo na kazi zao hupitishwa kwenye programu ya Turnitin. Haitoshi? Na mmoja ameniuliza: akiskani kitabu kizima, akaitupia PDF kwenye grupu la WhatsApp la darasa, na jina la mwandishi lipo kwenye jalada, kosa liko wapi?

Jibu: Haitoshi, mwalimu. Tena swali la huyo kijana ndilo somo lenyewe, anzia hapo.

Vyuo vyetu vingi hufundisha wizi wa kitaaluma vikadhani vimefundisha hakimiliki. Wizi wa kitaaluma huhukumiwa na chuo: umejitwalia maneno au wazo la mwingine. Hakimiliki ni sheria ya nchi, nayo huuliza kama ulikuwa na ruhusa. Wape mfano wa Shaaban Robert. Alifariki 1962, na Tanzania Bara ulinzi ni uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Mwanafunzi akinyofoa ukurasa ambao marehemu aliuchapisha akiwa hai, akaweka jina lake mwenyewe, muda wa hakimiliki umeshapita, lakini kwenye kamati ya nidhamu hachomoki. PDF ya grupu ni kinyume chake: jina lipo, ruhusa haipo. Turnitin hailioni hilo kabisa, maana kazi yake ni kupima maandishi yanavyofanana.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inaruhusu kunukuu kwa kiasi kinachohitajika, mradi chanzo kitajwe. Kitabu kizima si nukuu. Kijana atume kiungo cha maktaba badala ya faili. Makala yenye leseni ya Creative Commons, ambayo mtunzi huitoa mapema kuruhusu wengine watumie kazi yake, ni habari nyingine. Iliyoandikwa BY anaweza kuisambaza akimtaja mtunzi.

Vifungu vya sheria usiwasomee, watasinzia. Chukua tasnifu rafuni, tuseme ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ufungue ukurasa wa tamko la hakimiliki. Unataja Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, na sheria hiyo ya 1999, kisha unakataza kunakili yote au sehemu, isipokuwa dondoo fupi za utafiti, kujisomea au uhakiki, bila ruhusa ya maandishi ya wasimamizi wa masomo ya uzamili, kwa niaba ya mwandishi na chuo. Wahitimu wengi hulinakili tamko hilo neno kwa neno kutoka tasnifu ya mwenzao, bila kulisoma. Ndiyo, tamko la hakimiliki! Waulize: kwa nini chuo kimetajwa pamoja na mwandishi? Hapo darasa litachangamka, kwa sababu sasa linazungumzia jasho lake.

Waambie pia kwamba kazi zao wenyewe zinalindwa tangu zinapoandikwa. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, husaidia ushahidi siku ya mgogoro, lakini si sharti.

Kama una wanafunzi wa uhandisi, watengee muda wao. Hataza, yaani haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake (patent), haiji yenyewe kama hakimiliki. Huombwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, na uvumbuzi sharti uwe mpya. Anayetaka kuiomba asirushe michoro ya mashine yake Instagram kabla hajapeleka maombi.