Akaunti imefutwa, na fundi anasema "ana mtu ndani"

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mama mfanyabiashara wa dagaa hapa Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Nina ukurasa wa Facebook nilioufungua miaka sita iliyopita. Wateja wangu wengi wa Kongo na Burundi wamenipatia humo, halafu bei na usafiri tunamalizana WhatsApp. Siku 12 zilizopita kijana wa kaka yangu alikuwa ananisafishia simu kwa sababu ilikuwa nzito. Akafuta akaunti ya Facebook na ya WhatsApp, akidhani nikizifungua tena kila kitu kitarudi. Sasa fundi mmoja anasema ana mtu ndani ya Facebook, anataka 150,000 na nimsomee namba zitakazoingia kwenye simu yangu. Mwingine anasema tuiflashi simu kwanza. Giza linakaribia, zile siku zisizo na mbalamwezi ambazo dagaa huvuliwa, mzigo wa kisiwa cha Goziba utaanza kushuka na wateja hawanioni. Nimsikilize yupi?

JIBU: Shikamoo mama. Usimsikilize hata mmoja, na simu isitoke mikononi mwako.

Tuanze na Facebook, maana huko bado kuna la kuokoa na siku zinakwenda. Mtu akiomba akaunti ifutwe, Facebook huiweka kando siku 30 kabla ya kuifuta. Wewe umeshatumia 12. Ingia kwa namba ya simu au barua pepe ile ile uliyokuwa ukitumia siku zote, weka neno lako la siri. Utakuta maelezo kwamba akaunti inasubiri kufutwa, pamoja na kitufe cha kusitisha. Bonyeza. Hakuna malipo na hakuna mtu wa kumwona. Ukishaingia, nenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa biashara. Ukurasa unaosimamiwa na mtu mmoja peke yake huondoka pamoja na akaunti yake, kwa hiyo hakikisha nao umerudi. Kama neno la siri limekutoka kichwani, chagua sehemu ya waliosahau. Namba za uthibitisho zitakuja kwenye laini yako, uziandike wewe mwenyewe, humo humo Facebook. Fanya leo hii, usiache mpaka mzigo ushuke.

WhatsApp ni habari nyingine, na sitakudanganya. Huko hakuna siku 30. Akaunti ikishafutwa, mazungumzo yanakwenda, unatolewa kwenye makundi yote, na nakala iliyokuwa ikihifadhiwa Google Drive inafutwa pia. Ukisajili namba ile ile unaanza upya kabisa. Kilichobaki kipo sehemu mbili. Ya kwanza ni simu yako: majina yaliyoko kwenye orodha ya simu, na picha za galari kama kijana hakuzigusa. Ya pili ni simu za wateja. Ujumbe uliomtumia mteja wa Bujumbura haukufutika kwake kwa sababu wewe umefuta akaunti. Sajili upya, waandikie wale wakubwa kumi, waombe wakurudishie oda za mwisho na picha za stakabadhi. Itakuchukua siku nzima, lakini inawezekana. Ukikubali simu iflashiwe utapoteza hata hayo ya galari, na hakuna hata herufi moja ya Facebook itakayorudi. Kuflashi kunafuta simu, mama, na akaunti yako haiko kwenye simu.

Hilo la mwisho ndilo linaloninyima usingizi. Kila wiki napokea mtu mwenye tatizo kama lako, awe wa Igoma, wa Nyegezi au aliyevuka na boti kutoka Nansio, na karibu wote wameshapita kwa fundi simu kabla ya kunifikia. Fundi simu ana kazi yake ya heshima: kioo, chaji, maiki, betri. Akaunti ni kitu kingine. Ni kama mzigo uliouweka kwenye stoo ya mtu mji wa mbali, na simu ndiyo karatasi ya kuchukulia mzigo. Fundi anaweza kukuunganishia karatasi iliyochanika. Funguo za stoo hana, hajawahi kuwa nazo, na hata mji wenyewe haujui. Kwa sababu hiyo hiyo kuondoa programu kwenye simu hakufuti akaunti, na kununua simu mpya hakuirudishi. Kijana wa kaka yako alikosea hapo hapo, alidhani anapunguza mzigo wa simu kumbe anabomoa stoo. Usimpige sana maneno. Wakubwa wenye elimu wanafanya vile vile.

Sasa huyu mwenye "mtu ndani". Atakuambia taarifa zako bado zipo, na atakuonyesha maandishi ya Facebook yenyewe yanayosema kufuta kila kitu kunaweza kuchukua hadi siku 90. Maandishi hayo ni ya kweli. Anachokuficha ni maana yake. Kampuni kubwa huweka nakala za akiba nyingi ili mtambo ukiharibika huduma isife, na kuondoa taarifa za mtu mmoja kwenye nakala zote hizo huchukua muda. Katika muda huo hakuna dirisha ambalo mtu hupitisha ombi la "nirudishieni ya mama wa Kirumba". Baada ya siku 30 ni kufutwa tu, kunakoendelea taratibu.

Na ni haki iwe hivyo. Fikiria binti aliyekimbia mume mkorofi, akafuta akaunti yenye picha za watoto na mahali anapoishi. Kama kweli kungekuwa na mtu wa ndani anayerudisha akaunti kwa 150,000, huyo mume naye angempata. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa mtu haki ya kudai taarifa zake zifutwe katika mazingira yaliyowekwa, na Ulaya wana sheria ya namna hiyo tangu 2018. Ufutaji unaoweza kutenguliwa kwa rushwa ungeifanya haki hiyo kuwa bure.

Watu wa ndani wapo, sikatai. Tarehe 2 Novemba 2017 mfanyakazi wa huduma kwa wateja wa Twitter, siku yake ya mwisho kazini, alizima akaunti ya Donald Trump akiwa Rais wa Marekani. Ilipotea kwa dakika 11. Ilirudi haraka kwa sababu ilikuwa imezimwa tu, haijafutwa, na kampuni ikatangaza kuwa imeweka vizuizi ili jambo hilo lisijirudie. Kampuni ikishaaibishwa hivyo mbele ya dunia nzima, unadhani itaacha mtu wake auze huduma ya pembeni kupitia fundi wa mtaani kwetu?

Utaniuliza: mbona jirani yangu alirudishiwa kweli? Alirudishiwa, ndiyo. Alimsomea kanjanja zile namba sita, kanjanja akaingia, akabonyeza kitufe kile kile cha kusitisha ambacho ni bure, kisha akasema mtu wake wa ndani amefanya kazi. Huo ndio ujanja wote. Na huyo jirani alipata bahati. Wengine, kanjanja akishaingia anabadilisha neno la siri na namba ya simu, halafu anadai nyongeza. Au hadai kitu: anaanza kuuza dagaa wasiokuwepo kwa jina lako, mteja wa Kongo anatuma malipo ya awali, gari halifiki, na aliyeharibikiwa jina ni wewe. Namba za uthibitisho hazisomwi kwa mtu yeyote, awe fundi, mchungaji au mtoto wako wa kuzaa. Huyo aliyekuomba, kama alikuandikia kwa meseji, itume meseji hiyo kwenda 15040, namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kuripoti utapeli, kama ungefanya kwa wale wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Ni ndugu zao.

Hata hivyo lawama zote haziishii kwa makanjanja. Waliotengeneza vitufe wana sehemu yao, na ninasema hivi kama mtu ambaye kazi yake pia ni kutengeneza programu. WhatsApp kabla ya kufuta akaunti inakutaka uandike namba yako ya simu. Inaonekana ni kizuizi, lakini namba ya simu kila mtu anaiandika kila siku bila kufikiri, na kijana wa kaka yako anaijua ya shangazi yake kwa kichwa. Kinachomlinda mtu anayekosea ni muda. Watu hugundua kosa kesho yake asubuhi, mteja anapopiga simu kuuliza "mbona huonekani?" Facebook, Instagram na TikTok wanatoa siku 30. WhatsApp, inayobeba biashara za nusu ya mwalo huu, haitoi hata siku moja. Nadhani ni kosa, na ningependa walirekebishe.

Wala vizuizi vyao wenyewe havikamatwi kwa imani tupu. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika dunia nzima kwa takribani saa sita, kwetu ilikuwa jioni hadi usiku. Kampuni ilieleza kwamba amri iliyotolewa wakati wa matengenezo ya kawaida ilikata mawasiliano kati ya vituo vyao vya data, na kwamba chombo kilichowekwa kuzuia amri za namna hiyo kilikuwa na kasoro, kikaipitisha. Kama mainjinia wao wanaweza kubonyeza vibaya, wewe na mimi tutabonyeza. Ndiyo maana daftari lako la wateja la karatasi, lenye jina, mji, namba na gunia ngapi alichukua mara ya mwisho, usilitupe kwa sababu una simu.

Ukurasa ukisharudi, ongeza msimamizi wa pili, mtu mzima unayemwamini, ili siku akaunti yako ikipotea ukurasa ubaki na mwenyewe. Omba nakala ya taarifa zako kutoka kwenye mipangilio ya Facebook, uihifadhi nje ya simu. Halafu piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Nasisitiza hili la laini kwa sababu limewaumiza wengi kimya kimya: akaunti imefungwa kwenye namba iliyosajiliwa kwa jina la shemeji, shemeji amehamia Kahama, laini imekufa, na siku ya kurudisha neno la siri namba za uthibitisho zinakwenda hewani. Kampuni haikujui kwa sura wala kwa miaka uliyokaa mwaloni. Inaijua laini, barua pepe na neno la siri. Aliyevishika hivyo vitatu ndiye "mwenye akaunti" machoni pao, hata kama umemlisha dagaa bure miaka kumi.

Na hapa nawageukia wasomaji wengine wote, kwa sababu mchezo huanza siku ya kununua simu. Muuzaji dukani anakufungulia Gmail yeye mwenyewe. Anaweka neno la siri analolijua yeye, mara nyingi lile lile analowawekea wateja wote, na namba ya kurudishia akaunti anaweka ya kwake. Unatoka na furaha. Picha za harusi na za mazishi ya baba zinajipakia humo miaka mitatu. Simu inaibwa, unanunua nyingine, unafunguliwa Gmail nyingine, ile ya kwanza huikumbuki hata jina. Google ilitangaza mwaka 2023 kwamba akaunti ya mtu binafsi isiyotumika kwa miaka 2 inaweza kufutwa pamoja na barua na picha zake, na ufutaji ulianza Desemba mwaka huo huo. Watatuma onyo, ndiyo, lakini onyo linakwenda kwenye anwani usiyoifungua na kwenye barua pepe ya pili ambayo hukuweka. Mwaka huu nimeketi na watu wazima wakilia mbele ya kompyuta yangu kwa jambo hili, na sikuwa na kitufe cha kuwabonyezea.

Kwa hiyo ukiwa dukani, kabla hujatoa hela, ishike simu wewe. Andika neno la siri mwenyewe, muuzaji akiwa ameangalia pembeni, na namba ya kurudishia iwe ya laini yenye jina lako. Kama hujui kusoma vizuri, nenda na mtoto wako mkubwa. Na muuzaji akikuambia atakufungulia yeye haraka haraka ili usiachwe na boti ya Ukerewe, mwambie utapanda ya mchana.