Kabla ya simba, anza na yangeyange

Mkuu, umesema unakaa Kinondoni, una lenzi ya milimita 300, na picha zako zote za Mikumi zimetoka na ukungu. Lenzi haina kosa. Angalia kasi ya shata, yaani kipazia cha kamera kinavyofunguka na kujifunga: mnyama akitembea usishuke chini ya 1/500 ya sekunde, ndege akiruka panda hadi 1/2000. Mwanga ukiwa hafifu pandisha ISO, wepesi wa kamera kunasa mwanga. Chengachenga zitakazotokea pichani zinavumilika kuliko pundamilia mwenye vichwa viwili.

Halafu mwambie dereva azime injini, mtetemo wote unaishia kwenye kamera. Mimi huweka mfuko wa kitambaa wenye mchele kilo mbili dirishani, lenzi inalala juu yake. (Mke wangu aliwahi kuupika ule mchele, tuyaache.) Na usipige makofi ili simba ageuke. Subiri.

Lakini kabla hujachoma mafuta tena karibu kilomita 300, fanya mazoezi hapahapa mjini. Maji yakipwa asubuhi, nenda kwenye mikoko karibu na Daraja la Salender, yangeyange wanawinda visamaki topeni. Chuchumaa, usiwafuate, wakikuzoea watasogea wenyewe. Yangeyange akitaka kudona huinamisha kichwa, shingo inajikunja, anaganda kama mti. Hapo lenga jicho, bonyeza mfululizo. Ni mweupe pe kwenye tope jeusi, kwa hiyo punguza mwanga kidogo kwenye kamera, la sivyo manyoya yataungua, yatoke doa jeupe tupu.

Maji hupwa kwa kuchelewa kama dakika 50 kila siku, waulize wavuvi kabla hujatoka.