Macho Uliyoinamisha

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza kama tulikulea vibaya, maana msimamizi wako huko Ujerumani amekwambia kuwa asiyemtazama usoni anaonekana ana jambo analificha. Swali hilo limeniuma. Nimelala nalo siku mbili.

Hatukukulea vibaya. Shikamoo yenyewe asili yake ni kushika miguu ya mkubwa. Nani anashika miguu huku amekaza macho? Ulichofanya ni adabu, ila aliyekuwa mbele yako hakuisoma.

Nayajua maumivu hayo. Nilipoolewa na baba yako nikitoka Tanga, nilishuka treni hapa Kigoma, tukapanda hadi Kasulu kwa bibi yako. Nikatoa shikamoo nimesimama wima, nikapita ndani. Wazee wakanyamaza. Kumbe Waha husalimiana kwa kupiga makofi taratibu, mtu ameinama, na salamu yao haina haraka: watauliziwa watoto, jirani, shamba. Na Kiswahili tulikuwa nacho sote! Usiku wifi yangu akanivuta jikoni, akanionyesha viganja vinavyokutana. Asubuhi nikapiga makofi yale mbele ya bibi yako. Alinishika mikono asiiachie. Heshima yangu ilikuwepo tangu jana, lakini haikuwa imemfikia.

Hilo la "ndiyo" ndilo naona limekuponza kuliko macho. Msimamizi wako alikuuliza, "Hujamaliza?" Ukajibu ndiyo, akahesabu kazi imekwisha. Kwetu ukiulizwa "Hujala?" ukaitikia ndiyo, umekubali kwamba hujala. Wajerumani, kama ulivyonieleza mwenyewe, hapo wanangoja "nein", yaani hapana, na wana "doch" yao ya kumpinga aliyeuliza kwa kukanusha. Basi usiishie kwenye ndiyo tupu. Sema yote: sijamaliza, naomba mpaka kesho.

Kuhusu macho, mweleze kwa kinywa chako. Mwambie kwetu mtu humwinamishia macho anayemheshimu. Asikisie. Kisha jizoeze kumtazama mnapozungumza kazi. Hutakuwa umeniacha mimi wala kwenu. Mimi nilijifunza makofi na bado ni mtu wa Tanga.

Bibi yako yuko hapa pembeni, ameniomba nimsomee barua hii mara mbili. Anauliza kama utakapokuja utamsalimia kwa makofi, au huko umeshasahau. Nimemwambia mikono yako inakumbuka. Mpigie Jumapili, umjibu mwenyewe.

Mama yako